Swichi ya bafuni inaungua mara ya pili, na taa yenyewe ni ya wati 10 tu

Swali lilikuja refu kidogo, nimelifupisha: "Fundi habari za kazi. Swichi ya taa ya bafuni kwangu inalia kama kitu kinakaangwa, plastiki upande mmoja imegeuka rangi ya chai, na ukiigusa umetoka kuoga unasikia vidole vinawashwawashwa. Hii ni ya pili ndani ya mwaka mmoja, ile ya kwanza niliibadilisha nikajua yameisha. Taa ni bulbu ya LED ya wati 10. Nimezima breka nikafungua, nikakuta waya tatu, nyekundu mbili zimebanwa pamoja kwenye tundu moja na nyeusi moja peke yake. Swichi mpya nimeshanunua. Je hiyo nyeusi ndio nyutro? Na nifunge vipi?"

Nzuri ndugu yangu. Nianze na hilo la vidole kuwashwa, mengine yote yanaweza kusubiri. Kuanzia sasa hivi hiyo swichi isiguswe na mtu, zima breka yake uiache imezimwa, ogeni na taa ya betri, siku mbili tatu za kuoga kwa mwanga hafifu hazina shida yoyote. Kuwashwa vidole maana yake kuna umeme kidogo tayari unapita mwilini mwako kwenda chini. Mtu huanza kuusikia umeme kwenye miliampia 1 hivi, ukifika kama 10 misuli ya mkono inaanza kujikunja na unaweza kushindwa kuachia ulichoshika, na ile breka ya kuokoa maisha (ile yenye kitufe kidogo kimeandikwa T, wengi wanaiita RCD) imetengenezwa ikate kabla haijazidi 30. Sasa bulbu yako ya wati 10 kwenye umeme wa volti 230 inavuta kama miliampia 43. Yaani hata huo umeme mdogo unaowasha hiyo bulbu unatosha kabisa kuua mtu, na mtu aliyelowa peku juu ya sakafu yenye maji ndiye rahisi kuliko wote, maana ngozi kavu inazuia umeme kidogo ila ikilowa inausindikiza.

Haya, nyeusi. Hapana, sio nyutro (waya unaorudisha umeme), na nashukuru umeuliza kabla hujafunga. Kwenye swichi ya taa ya kawaida nyutro huwa haiingii kabisa. Swichi kazi yake ni kukata laivu tu (waya unaoleta umeme), laivu inaingia upande mmoja na inatoka upande wa pili kwenda kwenye taa, na nyutro inaenda moja kwa moja hadi kwenye holda bila kupita hapo. Kwa hiyo nyeusi yako karibu hakika ndio ile inayotoka kwenda kwenye taa, ukiwasha swichi inakuwa laivu sawasawa na nyekundu, fundi alitumia nyeusi kwa sababu ndio waya uliokuwa kwenye kebo. Watu wengi wameumizwa na rangi. Uingereza zamani ilikuwa nyekundu laivu na nyeusi nyutro, kuanzia 2004 wakaanza kuhamia kahawia na bluu, na Marekani nyeusi ndiyo laivu na nyeupe ndiyo nyutro, na hata huko huko nyeupe ikiteremka kwenye swichi unaweza kuikuta ni laivu. Rangi ni dokezo la yule aliyefunga, hujui alikuwa na waya gani mkononi siku hiyo.

Sasa hapa ndio penye jambo lenyewe, na ndio maana sitaki ukimbilie kufunga hiyo mpya. Swichi yako inawasha taa ya wati 10. Swichi ya kawaida imeandikwa mgongoni ampia 6 au 10, wewe unaitumia kwa ampia 0.043. Hiyo ni sawa na kumpa punda abebe kijiko. Ni vigumu taa hiyo peke yake iyeyushe plastiki, hata skrubu ikiwa imelegea kidogo, joto la kubabua kwa kawaida halitoki kwenye mzigo mdogo namna hiyo. Kwa hiyo yaelekea kuna kitu kingine kinapita hapo, na njia yake ni moja tu, zile nyekundu mbili.

Nyekundu mbili kwenye tundu moja maana yake moja inaleta umeme na nyingine inauchukua kuupeleka mbele, mafundi tunaita kulupu. Ni njia ya kawaida tu na haina kosa, unalupu kutoka swichi ya bafuni kwenda swichi ya choo au ya koridoni, zote ni taa. Lakini umeme wa huko mbele unapita kwenye hiyo skrubu hata kama taa yako ya bafuni imezimwa. Ikiwa huko mbele kuna taa mbili tatu, sawa. Ikiwa mtu aliona laivu iko karibu akalupu kwenda kwenye shawa ya umeme au hita ya maji, hapo ndio tunaongea lugha nyingine. Shawa ya umeme ya wati 4,500 inavuta karibu ampia 20. Ampia 20 kupita kwenye skrubu ndogo ya swichi ya taa, kwenye waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) uliowekwa kwa ajili ya taa, kila asubuhi watu watatu wakioga mmoja baada ya mwingine, hiyo skrubu lazima ipike.

Chukua ile swichi ya zamani uigeuze mgongoni. Kama weusi wa kuungua uko kwenye tundu la zile nyekundu mbili na tundu la nyeusi ni safi, jibu umeshalipata. Ukikuta tundu zote ni safi na kilichobabuka ni katikati penye kile kidude kinachobonyea, basi ni sehemu za ndani zinazogusana ndizo zimechoka au zimeingia unyevu, na wewe una bahati.

Kisha nenda kwenye boksi la breka usome namba ya ampia kwenye breka ya hiyo sakiti (njia ya umeme inayolindwa na breka moja). Za taa mara nyingi ni 6 au 10. Ukikuta 20 au 32 acha, usiendelee na chochote, kwa sababu hiyo ni hadithi nzima imeandikwa hapo, breka ndogo ilikuwa inakata kila watu wakioga, akaja mtu akaona dawa ni kuweka kubwa zaidi badala ya kujiuliza kwa nini inakata. Breka ipo kulinda waya. Waya wa 1.5 ukilindwa na breka ya 32 maana yake waya unaweza kuungua ukutani kabla breka haijashtuka.

Kama breka ni 6 au 10 na una moyo wa kuendelea mwenyewe, tafuta nyekundu ya pili inaenda wapi. (Hapa niseme, kuna nchi ambako kazi hii kwa sheria ni ya mwenye leseni tu, Australia kwa mfano hata kubadilisha swichi nyumbani kwako hairuhusiwi, kwa hiyo jua kwanza ulipo sheria inasemaje.) Zima meni swichi (ile kuu ya nyumba nzima), sio breka ya taa peke yake. Mimi nilishapigwa shoti nyumba moja baada ya kuzima breka ya taa vizuri kabisa, swichi ilikuwa ya gengi mbili (vitufe viwili kwenye kava moja), gengi moja ya taa na ya pili ya feni ya kutoa mvuke, na feni ilikuwa imeletewa laivu kutoka sakiti ya vyumbani. Boksi moja ukutani, sakiti mbili. Nilikaa chini kwenye ukingo wa beseni nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, mkono wote ganzi. Tangu siku hiyo nikiingia bafuni ni meni swichi, na nawaambia wote waliomo ndani ya nyumba, maana siku zote kuna yule mtu mmoja atakayeona giza akaenda kuiwasha kwa nia njema.

Halafu pima. Na kupima sio kugusisha tesita mara moja ukaona haiwaki ukasema poa. Ile bisibisi ya tesita yenye taa ndogo ndani inawaka kwa umeme unaopita mwilini mwako, ukiwa umesimama juu ya ndala kavu za mpira au ngazi ya mbao inaweza isiwake na waya uko laivu, au betri ya ile ya kisasa imeisha, au imeharibika tu. Tumia multimita au tesita ya ncha mbili, anza kwa kupima kwenye soketi unayojua ina umeme uone inafanya kazi, ndipo uzime meni, upime waya zako kila moja kwa kila moja na kila moja kwa ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini), kisha uthibitishe tena kwamba kipimo chenyewe bado kizima kwenye chanzo kingine unachojua kina umeme, nje ya nyumba hiyo maana meni umeizima. Kupima kabla na baada, watu wanaona ni usumbufu lakini ndio tofauti kati ya kujua na kubahatisha.

Ukishahakikisha, piga picha ya waya zilivyo, kisha zitenganishe zile nyekundu mbili. Moja ifunge kwenye tundu moja la swichi mpya na nyeusi kwenye tundu la pili, hiyo nyingine izibe yenyewe kwenye konekta ya plastiki, ikazwe, isionekane kopa (shaba ya waya) hata kidogo, na uichukulie kuwa laivu muda wote. Rudisha swichi ukutani, washa meni, bonyeza taa ya bafuni. Haikuwaka? Basi uliyoiziba ndiyo inayoleta umeme, zima meni tena, pima tena, zibadilishane. Ikiwaka, sasa zunguka nyumba nzima taratibu uangalie nini kimekufa. Taa ya choo? Koridoni? Washa feni, washa hita, jaribu soketi zote za upande huo hata zile za nyuma ya kabati. Kama vilivyokufa ni taa tu, vizuri, lupu yako ni halali na tatizo lilikuwa skrubu iliyolegea pamoja na unyevu. Kama kilichokufa ni shawa, hita au soketi za chumbani, usiurudishe huo waya. Uache umezibwa kwenye konekta, breka iwe chini, ita fundi mwenye leseni avute waya mpya wa hita kutoka kwenye boksi la breka wenye breka yake na unene wake (wa 4 au wa 6 kutegemea hita na umbali), wenye waya wa ethi, na RCD mbele yake. Hilo sio la kujifanyia mwenyewe na sitakuelekeza hapa.

Na vile vidole je? Vina sababu zao. Ukioga maji ya moto mvuke unakimbilia ukuta wa baridi na unageuka matone, tone linaingia kwenye upenyo kati ya kava na ukuta, linakaa juu ya skrubu, na plastiki iliyobabuka ikishapasuka kidogo maji yanatengeneza njia kutoka kwenye laivu hadi kwenye kidole chako. Kopa ikikaa kwenye hali hiyo inaota kijani, kijani hakipitishi umeme vizuri, pale mguso unapokuwa mbovu panakuwa na cheche ndogo ndogo, na hicho ndicho unachokisikia kama kitu kinakaangwa. Sababu nyingine ni swichi yenye kava la chuma ambalo halijaunganishwa na ethi. Na kuna moja ambayo lazima nikuulize: unawashwa ukigusa swichi peke yake, au hata ukigusa bomba na maji yenyewe ya shawa? Kama ni hata maji, basi yaelekea shida haipo kwenye swichi, ni shawa au hita inayovujisha umeme na haina ethi, zimeni na msiogee hapo kabisa.

Angalia pia ndani ya boksi lenyewe ukutani. Ukipitisha kidole (meni imezimwa) ukakuta unyevu, au chini kuna mabaki meupe kama chumvi, huenda maji hayatoki kwenye mvuke bali yanatoka nyuma ya ukuta, kuna bomba linavuja au ukuta unanyonya maji, na hapo utabadilisha swichi hadi uchoke.

Halafu mahali. Hukusema swichi iko umbali gani na unapoogea. Kanuni za Uingereza kwa mfano zinataka swichi ya ukutani isiwepo ndani ya sentimita 60 kutoka ukingo wa beseni, na kama unaogea sakafuni bila beseni wala ukingo, hesabu mita 1.2 kutoka pale maji yanapotokea, na hiyo ni mpaka kimo cha mita 2.25. Namna rahisi ya kupima, simama unapoogea unyooshe mkono, kama unaifikia basi imekaa pabaya. Ndio maana huko wanapenda swichi za kamba, kidude kinakaa juu darini na wewe unavuta kamba tu, mkono wenye maji haugusi kitu chenye umeme. Mimi ukiniuliza, napenda swichi ya bafuni ikae nje ya mlango. Kwanza haioni mvuke, pili hata ukiigusa umelowa angalau umeshatoka kwenye maji. Kuihamishia upande wa pili wa ukuta huo huo mara nyingi ni kutoboa tundu moja tu, waya unafika bila kuunga, na hilo la zamani linafunikwa na kava tupu.

Tuseme sasa umekuta ni taa tu, ukuta mkavu, mahali pazuri. Kufunga ndio sehemu fupi. Kata kopa yote iliyoungua au kuota kijani mpaka uone inang'aa, plastiki iliyokakamaa nayo iondoke, kama waya umekuwa mfupi usiuvute, ongezea kipande kwa konekta ndani ya boksi. Chuna kama milimita 8. Zile nyekundu mbili zisokotane vizuri kwa koleo ziingie pamoja, nyeusi peke yake ikunje mara mbili ili skrubu ipate nyama ya kukamata, maana waya mmoja mwembamba kwenye tundu kubwa hukwepa pembeni na unadhani umekaza kumbe umekaza hewa. Angalia skrubu isibane plastiki ya waya, inashika leo, plastiki inalegea baadaye, ndio zile swichi zinazokufa baada ya miezi sita. Kaza, kisha shika kila waya uuvute kwa nguvu. Usione aibu kuuvuta, ukitoka mkononi mwako sasa ungetoka wenyewe baadaye.

Kama uliyonunua ina matundu matatu imeandikwa C, 1 na 2, hiyo ni ya tuwei, ya kuwasha taa moja kutoka sehemu mbili, inafaa tu: nyekundu zote mbili C, nyeusi kwenye 1, tundu la 2 liache. Kama ina kataa kadogo ka kuonyesha gizani, jua kwamba LED yako inaweza kubaki ikimulika kidogo usiku ukiwa umezima, sio jini, ni huo umeme kiduchu wa kataa unapita kwenye bulbu. Kama kava ni la chuma lazima ethi iunganishwe, na kama ndani ya boksi hakuna waya wa ethi, rudisha dukani uchukue ya plastiki. Kwa bafuni yenye mvuke tafuta yenye mpira nyuma ya kava na iliyoandikwa IP44 (alama kwamba inastahimili maji yanayoruka).

Wakati wa kurudisha kava usisukume waya kwa bisibisi, zikunje kwa vidole ziende nyuma, kaza skrubu mbili za kava zamu kwa zamu mpaka zishike tu, ukizidisha plastiki inapasuka na ufa ule ule ndio mlango wa maji. Washa meni. Kabla ya kitu kingine bonyeza kile kitufe cha T kwenye RCD, lazima ianguke pale pale, isipoanguka ni mbovu. Na kama nyumba haina RCD kabisa, basi pesa ya kwanza iende huko. Washa taa uiache nusu saa, weka kiganja kikavu juu ya kava, lisiwe na joto lolote, na usikilize, hakuna kulia. Kisha rudia kesho watu wakishaoga.

Ukimaliza kuzunguka nyumba niandikie nyekundu ya pili ilienda wapi, na namba uliyoikuta kwenye breka.